Daftari la Nani Ameshika

Siku ya kumuaga walimpa saa ya ukutani.
Betri haikuwemo. Akacheka,
akaigeuza kutazama skrubu zake.

Mimi nilikuwa mshika funguo wa maabara yake, Katindo,
chumba kilichosimama juu ya jiwe la lava,
vikombe vya kupimia sita,
wanafunzi tisini na wanne.

Profesa Kanyere Lusenge, nusu muhula wa kwanza,
alikaa nyuma tu na daftari,
akiweka alama: nani ameshika chupa,
nani ameandika.
Wavulana walipima.
Wasichana waliandika, kwa mwandiko mzuri.
Kavugho, aliyeletwa kwa chukudu kwa sababu ya mguu,
hakuwa na alama, upande wowote.

Mkuu wa shule akauliza: “Mama, hii kemia au sensa?”
“Kemia. Natafuta kilichotuama chini.”

Akatupeleka Himbi, ukingoni mwa shimo
ambamo mbuzi hulala wasiamke.
Mazuku, bibi zetu walisema, upepo mbaya.
Hakuwacheka. Wao walipima kwa mbuzi, alisema,
sisi tutapima kwa mshumaa.
Akampa Kavugho kamba.
Mshumaa ukashuka ndani ya kopo la maziwa,
ukafika usawa wa goti la mtu,
ukazimika. Hata jani halikutikisika.

Kavugho akavuta kamba polepole.
“Basi aliye chini ndiye anayekufa kwanza.”

Profesa hakuongeza neno.
Aliweka alama moja, akaikoleza
mpaka karatasi ikatoboka.

Baadaye zikaja safari, makala, mikutano;
wizarani walipiga muhuri ripoti yake
wakaifungia kabatini.
Usiku mlima uliposhuka tukakimbilia Sake,
yeye kabeba daftari, kaacha sufuria na maharage.

Sijui kama alishinda.
Kavugho anafundisha Ndosho sasa: vikombe viwili,
watoto mia na kumi, zamu ya kushika moto
imeandikwa kwa chaki mlangoni.
Minervali bado inawatoa nje kila Jumatatu,
wa kike kwanza.

Jana nilimpelekea Profesa ile saa,
inatembea.
“Betri nani ameitia?”
Mimi, nikasema. Mimi ambaye miaka thelathini na moja
nilifungua mlango, nikafunga mlango.

Akainuka kwa shida,
akaanza kutafuta kalamu.