Mgeni wa Dakika Tatu

Mimi ndiye mgeni. Nalipwa kwa hilo.
Chumba namba nne, nyuma ya zahanati, Manyatta:
mkeka wa plastiki, mpira mwekundu,
gari la mbao lililopoteza gurudumu,
viti viwili, na kioo
ambacho nyuma yake Daktari Wesonga ameketi na saa yake.

Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu jembe.
Mimi nina dakika tatu:
ya kwanza ninyamaze,
ya pili niongee na mama,
ya tatu nimsogelee mtoto,
kisha kioo kigongwe mara moja, Peres atoke,
aache mkoba kitini, kama alivyoagizwa.

Akeyo ana mwaka mmoja na wiki mbili.
Halii. Anautazama mlango
kama mtu aliyeacha maziwa motoni.
Nampa mpira. Anaupokea kwa adabu,
anauweka chini,
anaurudia mlango.

Watu hudhani tunapima kilio.
La. Tunangoja marejeo:
mama akiingia, atamparamia?
Atamgeuzia kisogo? Au atataka kubebwa
na papo hapo apige mateke ashushwe?
Kila jibu lina herufi yake kwenye fomu.

Peres akarudi na harufu yake ya omena
(saa kumi alfajiri yuko ufukweni, saa tatu usiku ndipo hufunga kibanda).
Akachuchumaa, akafungua mikono.
Akeyo akamwona. Akatambaa.
Akampita.

Akampita hadi mlangoni,
akaupiga kwa viganja vyote viwili,
kwa sababu huko nje, kwenye benchi,
mtu alikuwa amekohoa.

Awino. Miaka tisa, sare ya shule, na ilikuwa Jumanne.
Nikafungua, ingawa mgeni haruhusiwi kufungua,
na mtoto akapanda goti lile jembamba
kama anayepanda kitanda chake.

Peres alicheka kidogo.
Akachukua mkoba, akatafuta ndani yake
kitu ambacho hakikuwemo.

Jioni Daktari akauliza: tuandike herufi gani?
Fomu ina nafasi ya mama, ina nafasi ya mgeni.
Mimi nami nililelewa mgongoni,
mgongo wa dada aliyeishia darasa la nne;
hadi leo hesabu za duka namfanyia mimi.
Sikumwambia Daktari hayo.

Nikachukua penseli, nikaandika pembeni,
kwa herufi ndogo, mahali pasipo na mstari:
Saa nne na dakika kumi na mbili, kikohozi, nje.
Alikijua.