Profesa wa Barafu

Waliambiwa: Ijumaa ya mwisho ya Machi
seva ya zamani itazimwa.
Hilkka akahesabu kurasa: elfu kumi na moja, mia nne na mbili,
kisha akaenda kupika kahawa.

Oulu, theluji imefika kizingiti cha dirisha.
Ndani, ofisi inahama pasipo mtu kubeba hata kiti.
Jukwaa jipya lina violezo saba,
na kila kitu cha chuo, wameahidiwa, kitaenea katika saba:
habari, tukio, kozi, mtu, mradi, tangazo,
na kimoja ambacho Eljas hajakielewa bado.

Wakaanza na vyepesi.
Menyu ya mkahawa ya mwaka juzi: futa.
Mkuu wa chuo mara tatu, kila mara miwani mingine:
bakisha mmoja.
Viungo vinavyoelekea kwenye viungo
vinavyoelekea ukutani: futa, futa.
Ukurasa wa mbele unang'aa, vijana wanacheka kwenye nyasi
ambazo hapa huonekana wiki kumi kwa mwaka.
Nyumba njema si mlango,
ila fedha zote zimeishia mlangoni.

Siku ya tisa wakamkuta Karvala.
Onni Karvala, profesa wa barafu ya mtoni,
herufi za manjano juu ya kijani kibichi:
"Nipo Jumatano saa nane mchana.
Gonga kwa nguvu, sisikii vizuri."
Alizikwa miaka kumi na mitatu iliyopita.
Shada la ofisi alilipeleka Hilkka.
Chini, orodha: mwaka, siku, saa
barafu ilipopasuka.
Miaka thelathini na minane, na mmoja kati yake:
"Nilikuwa hospitali. Nimeambiwa Mei tatu. Sina hakika."

Eljas akafungua takwimu.
Msomaji mmoja.
Kila Jumatano, saa nane kamili.

Hilkka akamfikiria mjane. Akamfikiria mwanafunzi wa kale,
mzee sasa, kwenye nchi yenye joto.
Wiki mbili waliupita ukurasa ule kwa kunyata,
kama mlango wa chumba chenye mgonjwa.

Ndipo Eljas akaja, masikio mekundu:
msomaji ni programu yetu wenyewe,
iliyowekwa zamani ikague viungo kama vingali hai.
Nani aliipangia Jumatano, hakuna anayekumbuka.

"Basi tufute," akasema, kama anayeuliza.

Hilkka hakujibu. Akafungua kiolezo cha tukio,
akabandika miaka yote thelathini na minane.
Mfumo ukadai tarehe ya mwisho.
Akaandika: barafu ikipasuka.
Nyota nyekundu. Weka tarehe sahihi.
Nje mto ulikuwa mweupe, kimya, mtu anauvuka na mbwa.
Akaandika Mei tatu,
na mwaka wa mbali kuliko yote iliyokuwamo orodhani.

Akabofya Hamisha.
Zilibaki kurasa mia sita na kitu,
wa kwanza wa maegesho ya baiskeli.