Kazi Yangu Ilikuwa Kuanguka

Miaka saba nilianguka badala yako, Royce.
Farasini, paani, kwenye gari la kukokotwa,
nimevaa kofia yako, shati lako, ndevu zako za gundi,
uso nimeuficha kamera isije ikaniumbua.
Wewe ulipigwa risasi, mimi nikala vumbi.
Kisha ukaja kulala pale pale nilipoacha umbo langu mchangani,
wakakumwagia sharubati ya chokoleti kifuani,
maana runinga za siku zile hazikujua wekundu.

Mji wenyewe ulikuwa mbao za mbele tu.
Ukifungua mlango wa benki unatokea kwenye magugu makavu ya California
na fundi umeme anakula mkate wake.
Theluji ilikuwa viazi vilivyokaushwa.
Theluji ya kweli niliiona Korea,
ikaondoka na vidole vyangu viwili vya mguu
na kijana aitwaye Delbert Ames, aliyekuwa ndiyo kwanza ananiomba kiberiti.
Kila walipomwaga vile viazi kutoka juu
mkono wangu ulitetemeka,
nawe ukajifanya umesahau maneno
ili mwongozaji akufokee wewe.

Sikujua kusoma. Hilo ulilijua peke yako.
Jioni ulikaa kwenye ngazi ya karavani,
miwani puani, ukanisomea jinsi nitakavyoumia kesho:
"Ukurasa wa thelathini na moja, Orrin. Dirishani.
Kioo cha sukari, usiogope.
Ukurasa wa arobaini, farasi mweusi.
Huyo mwogope."

Nami nilijua lako.
Glasi ya baa ilitakiwa iwe na chai ya rangi;
wewe ulikuwa unabadilisha.
Nikawa naamka mapema, nabadilisha tena.
Ulionja, ukanitazama juu ya ukingo wa glasi,
ukaimeza chai yangu kama mtoto anayemeza kwinini,
ukasema maneno yako yote bila kukwama.
Siku nyingine ulinitukania mama.
Siku nyingine ulitapika juu ya buti zangu,
ambazo zilikuwa buti zako.

"Simwachi mwenzangu."
Mstari mfupi vile, na ulikushinda mara kumi na tisa.
Barua ya wakili wa mkeo ilikuwa mfukoni mwako.
Mimi nimelala nyuma ya pipa, nangoja kulipuliwa.
Nikakunong'onezea. Ukausema.
Watu wakalia majumbani mwao, wakaandika barua kwa magunia,
wala hakuna aliyejua kuwa pipa ndilo lililoongea.

Halafu ule usiku.
Taa zimezimwa, farasi wamefungiwa,
Ignacio mlinzi akaja kunigongea:
bwana mkubwa yuko juu ya paa la baa,
chini hakuna godoro, hakuna kamera.
Nilipanda na mguu wangu wa vidole vitatu.
Hekima sikuwa nayo. Wenye hekima walilipwa kuiandika
nao walikuwa wamelala mjini.
Nikakaa kando yako. Ulinuka kitu kisichokuwa chai.
Nikakuambia, "Royce, hiyo ni kazi yangu.
Mkataba unasema hivyo.
Ukianguka wewe, mimi nitakula wapi?"

Ulinyamaza mpaka mbweha akalia mara mbili kule vilimani.
Kisha ukacheka, kicheko kibaya, cha kamasi,
ukaniuliza ngazi iko upande gani.

Sasa wanakirudia kipindi, saa tisa mchana.
Mjukuu wangu anaketi karibu mno na kioo.
"Babu, wewe ni yupi?"
Ngoja, namwambia. Ngoja apigwe risasi.
Hapo. Huyo anayeanguka.
"Na huyu anayeinuka?"
Huyo ni Royce.
Alijifunza ukubwani. Ilimchukua muda.