Ko

Kwanza nilidhani ni mayai.
Nilisimama kando ya reli pale Kahawa West,
nikafungua mipira, nikashusha trei moja moja,
kumi na mbili, mia tatu na sitini,
nikatafuta ute kwa kidole kama anayepapasa
shilingi chini ya kitanda.
Hakuna lililopasuka.
Nikapanda, nikaondoka. Tuta la kwanza:
ko.

Mara moja tu,
kama mtu aliyebisha mlango kisha akaona haya.

Stejini kila mtu ni daktari.
Gekonge akasema shoki, mafuta yameisha, uza.
Murungaru akasema pedi za breki zinacheza,
akazitikisa, akajipaka matope, akadai chai.
Kijana wa petroli akasema hizi zote hulia,
zoea.
Nilibadilisha sili. Nilibadilisha pedi.
Nilikaza boliti za madigadi hadi moja ikakatika.
Elfu mbili na mia nane zikaenda
na ko ikabaki, haina deni na mtu.

Wiki tatu nikalijua jiji kwa sauti hiyo.
Matuta ya Mwiki, ko. Mashimo ya Dandora, ko, ko.
Outering kimya, mpaka nishike breki.
Usiku mwanangu akiangusha kijiko
mkono wangu wa kulia ulikamata breki isiyokuwepo.

Kariobangi Light, nyuma ya wachomeleaji,
ndipo nilipomkuta Ndolo, sikio moja limekufa
kwa ngurumo za jenereta.
Nikajuta petroli niliyochoma.
Fundi kiziwi, na shida yangu ni sauti!
Hakuwasha injini. Hakugusa spana.
Aliniuliza:
"Inalia ukishika breki, au ukiiachia?
Ukiingia shimoni, au ukitoka?
Ukikata kona, au ukinyoosha?"
Sikujua. Siku ishirini na moja nimeisikia,
hata siku moja sijaisikiliza.

Akaniambia nishike breki ya mbele. Akaweka kidole cha shahada
pale shingo inapokutana na uma.
Sukuma. Vuta. Sukuma.
Macho ameyafumba, kama mkunga
anayetafuta kichwa kilipogeukia.
"Njoo uweke chako."
Nikaweka. Na hapo, chini ya ngozi ya kidole,
kitu kidogo kikahama, kikarudi.
Nafasi, nyembamba kuliko ukucha.
Hiyo ndiyo iliyokuwa inaniita.

Akaliinua gurudumu la mbele, akasukuma kreti la soda chini ya injini,
akafungua nati kubwa, akatoa golori,
akazimwaga kwenye kifuniko cha kopo la rangi.
Grisi ilikuwa kahawia, imeganda
kama uji wa wimbi wa jana.
Akazihesabu kwa sauti. Nami nikahesabu naye,
maana kuhesabu vitu vya mviringo ndiyo kazi yangu.
Kumi na nane. Na nusu.
Nusu ya pili hatukuipata.

Akafuta bakuli la beringi kwa shati kuukuu,
akanionyesha vishimo, vimejipanga mbele na nyuma tu.
"Si kona zilizoharibu. Ni kwenda moja kwa moja.
Golori inakaa palepale,
kila tuta inagongwa palepale, miaka mitatu,
mpaka inajichimbia kaburi."
Alisema hivyo huku akitafuta nyundo,
bila nia ya kunifundisha chochote.

Beringi mia sita na hamsini. Kazi mia tatu.
Nikaongeza mayai manne. Akayapasua
kwenye ukingo wa sufuria ya wachomeleaji,
ko, ko, ko, ko,
na kila mara nikageuka kuitazama pikipiki.
Yeye, kwa sikio lile, hakujua ninacheka nini.

Alfajiri, na mzigo mpya, relini nikapunguza mwendo.
Gurudumu la mbele likapanda, likashuka.
Nikangoja.
La nyuma likafuata.
Nikasimama vilevile, nikafungua mipira,
nikaanza kuhesabu.