Bilauri Kumi na Moja

Rozela nimeichemsha tangu jana usiku
na kijiti cha mdalasini na karafuu tatu,
si nne; ya nne huuma ulimi.
Nimeichuja kwa melimeli mara mbili,
hata ukiinyanyua dirishani
unaiona Chumbageni yote
imevaa sare ya Krismasi bila kupimwa na fundi.

Ukwaju umekuja na Bi Mwantumu, jirani,
aliyebisha hodi na jagi mkono huu, chetezo mkono huu.
"Kinywaji cha wageni hakimiminwi kwenye bilauri tupu."
Akapuliza kaa, akatupia ubani,
akazipindua bilauri moja moja juu ya moshi
kama anayefunika vifaranga mwewe asiwaone.
"Mama yangu alifanya hivi kwa maji ya mtungi.
Idi zetu hazikuwa na kingine cha kujivunia."

Bilauri ni za marehemu mama,
zawadi ya arusi kutoka kwa wauguzi wenzake wa Bombo,
mguu mwembamba, ukingo wa dhahabu.
Zilikuwa dazeni.
Ya kumi na mbili iliondoka Krismasi moja
ambayo hapa nyumbani huitwa "mwaka ule",
na anayesema "mwaka ule" huangalia kucha zake.

Leo kaka Mhina anakuja.
Miezi saba na siku nne.
Ninayehesabu ni mimi;
yeye anasema hesabu nayo hutia kiu.

Sikutaka kumwekea soda pembeni, na mrija,
kama mtoto aliyetoka jando juzi.
Sikutaka meza mbili ndani ya meza moja.
Nikasema leo wote tunywe kimoja,
na kiwe kizuri kiasi cha kuonewa wivu.

Shemeji Semboja alifika na kitu ndani ya gazeti.
Nilikipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru,
nikamwomba funguo,
nikakilaza kwenye buti la gari lake,
nikamrudishia funguo.
Alipofungua kinywa, nikakijaza sambusa.

Kisha nikamimina:
ukwaju chini, rozela juu,
taratibu, kwa mgongo wa kijiko, rangi zisigombane.
Chungwa la Muheza, kipande chembamba cha kusomea gazeti.
Jani la nanaa, nililolipiga kofi viganjani
liamke.

Tulikuwa kumi na wawili.
Mhina alihesabu kabla yangu,
akavuta kikombe cha bati kutoka kabatini.
"Hiki changu. Mnajua kwa nini."
Feni ikawa inazunguka peke yake chumba kizima.

Bi Mwantumu akamnyang'anya.
"Kikombe hiki sijakifukiza. Hakinywewi."
Akakifukiza, hakuharakisha, akakijaza,
akampa Semboja,
mwenye funguo.

Mhina alibaki na bilauri mkononi.
Akainusa kwanza; mazoea hayaagi siku moja.
"Inanukia kanisa."
"Inanukia arusi," akasema Bi Mwantumu.
Rozela ilitetemeka hadi kwenye dhahabu,
nasi sote, ghafla, tukaupenda sana pilau,
tukautazama punje kwa punje.

Akanywa.
Tukasikia koo.
"Dada," akasema, "sukari imezidi."
Ilikuwa imezidi kweli.
Sijawahi kufurahia kukosolewa namna ile.

Usiku niliosha, yeye akafuta.
Sabuni iliondoa sukari, haikuondoa ubani.
Ya mwisho aliizungusha kwenye taa muda mrefu.
"Hii ina ufa mguuni."
"Tangu lini?"
"Tangu mwaka ule," akasema,
akinitazama mimi, si kucha zake,
akaipanga mbele kabatini,
inapoonekana.