Siku Mbili Duga

Nilikwenda na daftari, kalamu mbili,
na njaa ya kujifanya.
Bi Mejumaa akanitazama miguu:
"Viatu vua. Bada haisongwi na mgeni."

Makopa yalianikwa juu ya bati, yamepiga ukungu,
meusi kama kitako cha sufuria.
Nikauliza: unga vikombe vingapi?
"Mpaka mwiko ukugombeze."
Na maji?
"Hayo yanajijua."
Nikaandika: yanajijua.

Mchana papa mkavu, tui la pili, kisha la kwanza,
ndimu ikakamuliwa kwa uma uliopinda meno.
Nikamega, nikachovya, nikanyamaza.

Utotoni, Chumbageni, bada ya bibi niliwamwagia kuku.
Nilisema inanuka.
Kuku walikula.
Bibi aliwatazama kuku.

Siku ya pili sikuandika kitu.
Nilisonga hadi kiganja kikatoka lengelenge;
Bi Mejumaa akacheka:
"Sasa ndiyo umekula."

Nimerudi mjini na kilo moja ya makopa, nimeyafunga kwenye kanga.
Jirani wa ghorofa ya juu anabisha hodi:
kuna kitu kimeoza humu?
Hapana, namwambia, kaa,
kimeiva.