Mia Tano Mlangoni

Mlango wangu ni gunia la mkaa lililofuliwa.
Mkubwa mia tano, mtoto mia mbili,
ajaye na kigoda chake namsamehe hamsini.
Tangu ile tamthilia ya nyota na wachawi ipande Igogo
sina muda wa kukaa; chenji natoa nimesimama,
mgongo kwa picha, uso kwa njia,
maana wapo watoto wanaopita chini ya gunia kama panya.

Ndani, merikebu ya chuma inapasua mbingu,
nusu yake injini, nusu hirizi.
Rubani ni Sevuka, mwanamke wa jicho la shaba,
asomaye nyota kama mfumu asomavyo utumbo wa kuku.
Nasimulia nilichosikia.

Masalu wa kidato cha nne havumilii:
"Angani hakuna hewa! Huo mngurumo unatoka wapi?"
"Unatoka kwenye spika ya Bugumba," anajibu Mama Holo,
dagaa wa Mwaloni bado wananukia mikononi mwake.
"Kama huutaki, mia tano yako iko mlangoni."
Siirudishi. Anajua. Anakaa.

Nyamizi fundi cherehani ameshashona majoho manane ya Sevuka
kwa chandarua kilichotiwa rangi ya buluu;
moja lilivaliwa harusini Mabatini
na mchungaji hakusema kitu.
Nkwabi na Lushinge, tumbo moja, hawasalimiani
tangu sehemu ya sita, Mfalme wa Barafu aliposamehewa.
Huyu asema msamaha ni ukubwa.
Yule asema mtunzi alichoka, akataka kulala.
Mchana kutwa wanabeba mbao pamoja,
kila mmoja na ncha yake, kimya.

Juzi wadudu wa ziwani waliingia kama moshi
wakajaa kwenye mwanga wa projekta.
Watoto wakapiga makofi,
wakadhani nyota zimeongezwa.

Na Bugumba, na maikrofoni yake iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli,
ndiye midomo yote: mchawi, mfalme, joka, kichanga.
Kwake sayari ya Orumi iko ng'ambo kidogo ya Kamanga,
na jeshi la giza lilivuka pale Kigongo bila kulipa.

Sehemu ya tisa.
Sevuka anaingia nyumba ya marehemu mama yake.
Bugumba akashusha sauti:
"Mama, nimerudi mikono mitupu, lakini njia nimeijua."
Nikasikia kamasi zikivutwa benchi kwa benchi.
Hata Masalu.

Ndipo Editha, mgeni wa Nyamizi, aliyekisoma Kiingereza mpaka chuo,
akasema, wala si kwa ubaya:
"Hajasema hivyo. Amemwambia yule mtumishi,
'Funga mlango, baridi inaingia.'"

Spika ikabaki inakoroma yenyewe.
Miezi miwili! mtu akaguna. Na kile kiapo je?
Na lile neno la joka kabla ya kufa?
Editha akafungua mdomo.
"Dada," akasema Nkwabi, "tafadhali."
"Kaka yangu kasema," akaitikia Lushinge,
na wote wawili wakashtuka.
Mama Holo ndiye aliyemaliza:
"Kama Sevuka hakusema hivyo, basi amekosea yeye.
Bugumba, rudisha nyuma. Mwache aseme vizuri."

Akarudisha. Akasema vizuri.

Saa nne walitoka wakibishana mpaka kwenye mawe ya juu,
Editha katikati yao, anaulizwa, anakatazwa kujibu.
Nikahesabu: elfu kumi na nane na mia tatu,
na kifungo cha shati.

Mimi hilo jicho la shaba sijawahi kuliona.
Mama yangu amelala Nansio; mwaka wa nne huu sijafika.
Nikashusha gunia. Upepo wa ziwa ukapenya nyuzi,
ukanishika shingoni,
na lile neno la Editha likanitoka,
kwa sauti ya mama.